Dengu Katika Karatasi ya Baba

Kwa heshima kubwa, na baada ya kusafisha koo, mimi Raghda binti Mahrous, mwanafunzi wa bweni, nawatangazia watu wote wa mji wa Tanta na vijiji vyake kwamba familia yetu sasa inamiliki gari. Ni gari la kifahari. Mlango mmoja wa nyuma umefungwa kwa waya, honi hulia yenyewe likikata kona ya kushoto, na umri wake unamzidi mama yangu. Lakini ni letu. Jinsi lilivyofika mlangoni kwetu si habari ya kujivunia, hasa kwa upande wangu.

Kabla ya gari, siku zetu zilifanana. Baba ni fundi wa friji. Aliamka alfajiri, akala maharage yake amesimama, kisha akashuka ngazi za ghorofa nne akiwa na sanduku la vifaa mkononi na mtungi wa gesi begani. Chini alisubiri kirikuu, kigari cha mizigo cha kukodi, kimpeleke kwa wateja, pauni hamsini za Misri kwa siku. Jioni alipanda ngazi zilezile, na mtungi uleule.

Nilipokuja likizo ya katikati ya mwaka, nilimkuta amelala mezani na kipande cha mkate mkononi. Kwa kuwa mimi ni mtu wa heshima, nilizifunga kamba za viatu vyake pamoja. Alipoamka na kutaka kusimama, alitazama chini, akaketi tena, akazifungua polepole. Baba niliyemjua angenifukuza hadi barabarani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba amechoka kweli.

"Mgongo wa baba yako umekwisha," mama alisema jikoni, akichambua dengu za supu kwenye sinia. "Anahitaji gari. Ustadh Labib, yule mwalimu mstaafu wa jiografia, anauza lake kwa elfu kumi na nane. Atangoja mpaka mwisho wa mwezi tu."

"Na sisi tuna ngapi?"

"Tatu."

Basi wiki ile tulitafuta pesa. Benki ilitaka karatasi ya mshahara, na baba hana mshahara, ana friji za watu. Ilitaka pia mdhamini mtumishi wa serikali. Tulitoka tukaenda kwa muuzaji mmoja wa magari barabara ya stesheni. Huyo alitukaribisha chai yenye mnanaa akamwita baba "mhandisi." Alikuwa na gari kama la Ustadh Labib, kwa bei ileile.

"Utatanguliza elfu nne, mhandisi, ambazo hata kwa kukopa utazipata," alisema. "Halafu ni mia saba tu kwa mwezi. Utalipa huku unacheka."

"Kwa miezi mingapi?" nikauliza.

"Thelathini na sita, binti yangu. Miaka mitatu hupita kama upepo."

Nilipiga hesabu kwenye kiganja. Nilipomaliza nilimwonyesha baba mkono wangu: elfu ishirini na tisa na mia mbili.

Baba aliutazama kwa muda. "Kumbe nanunua gari moja na nusu," alisema. "Hiyo nusu nitaiendesha lini?" Akamaliza chai yake, akashukuru, tukaondoka.

Nyumbani mama alivua bangili zake za dhahabu akaziweka mezani. Baba akazirudisha mkononi mwake. "Hizi tumeziuza mara mbili na kuzikomboa mara mbili. Zimechoka kuliko mimi. Ziache zipumzike."

Ikabaki njia moja, upatu wa Hajja Inshirah wa ghorofa ya tatu. Watu kumi na tano, kila mmoja pauni elfu moja kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wao anaondoka na elfu kumi na tano. Hakuna riba wala karatasi za benki. Kwa baba, zamu ndiyo ilikuwa kila kitu. Akipata ya kwanza, angeongeza zile tatu zake, gari lingekuwa lake, na pesa ya kirikuu ingelipia upatu. Akipata ya mwisho, angelipa upatu na kirikuu kwa zaidi ya mwaka, na gari lingekuwa limekwenda kwa mtu mwingine.

Alhamisi alasiri walikusanyika kwa Hajja. Kwa desturi, kura huchukuliwa na mtoto, maana mkono wa mtoto hauna hila. Hajja alinichagua mimi. Sikucheka.

"Raghda anasoma bweni," aliwaambia watu. "Amefundishwa adabu. Na mwandiko wake ni mzuri, aandike na majina."

Nilipanda kwetu, nikayaandika majina mezani kwenye vikaratasi, nikavikunja vizuri. Katika karatasi ya baba nikaweka dengu moja kutoka kwenye sinia la mama.

Kabla ya kura Hajja aliuliza, "Mwenye dharura aseme sasa, tumpe zamu ya mbele." Watu wakatazamana. Baba alitazama ndara zake. Bi Wafaa, mjane anayeshona nguo ghorofa ya kwanza, alikunja pindo la mtandio wake, akalikunjua, akalikunja tena. Hajja akanisogezea bakuli la vikaratasi.

Nilifumba macho nikaingiza mkono katika bakuli. Vidole vyangu vilitembea kwa unyenyekevu mkubwa mpaka vikagusa kitu kigumu.

"Fundi Mahrous," akasoma Hajja, akifungua mkunjo mmoja tu.

Watu walimpongeza. Baba alichukua karatasi ile bila kuifungua zaidi, akaitia mfukoni kama mtu anayetunza kitu kitakatifu. Nilijiona shujaa wa taifa. Niliendelea kutoa majina, na Bi Wafaa akawa wa kumi na tatu. Alinisogelea, akanishika mkono.

"Mwanangu, nisomee hapa nimeandikwa nambari ngapi," alisema. "Siku hizi maandishi yananikimbia."

Nilimsomea. "Haya, heri," alisema, akashuka ngazi huku akipapasa ukuta.

Lazima niwaeleze jambo hapa. Sare yangu ya shule ilishonwa na Bi Wafaa, na mkono wa kushoto wa sare hiyo ulizidi wa kulia kwa vidole viwili. Mwaka mzima nilidhani ni uzembe, kumbe huenda ni macho. Nilikula chakula cha jioni na wazo hilo.

Baba alitoa karatasi yake ili amwonyeshe mama. Aliikunjua. Dengu ikaanguka mezani, ikabingirika, ikasimama karibu na chumvi.

Mama aliitazama dengu, kisha sinia, kisha mimi.

"Karatasi za wengine nazo zilikuwa na dengu?" baba aliuliza. Hakupandisha sauti. Nilitamani angepandisha.

"Hapana, baba."

"Vaa viatu."

Tulishuka kwa Hajja jioni ileile, na siku ya pili, baada ya swala ya Ijumaa, watu kumi na tano walikaa tena kwa Hajja, nami nilisimama katikati nikasema nilichofanya. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye maneno makubwa. Yalitoka maneno matano: "Nilitia dengu, ndipo nikamchagua baba."

Mzee Ghattas, mwenye duka la dawa, alikohoa. "Huyu akimaliza shule, jamani, asipewe kazi benki."

Hajja hakucheka. Alimgeukia baba. "Na wewe, Fundi Mahrous. Gari linauzwa mwisho wa mwezi, mgongo wako kila mtu anauona. Jana niliuliza mwenye dharura. Mbona ulinyamaza?"

"Niliona haya, Hajja. Kila mtu hapa ana lake."

"Na wewe, Wafaa? Nimeona pindo la mtandio wako limekaribia kufumuka."

Bi Wafaa aliliachia pindo. "Daktari anasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nilitaka kusema. Nikaona Fundi hasemi, nikajiambia, mimi ni nani?"

Kwa mara ya kwanza aibu haikuwa yangu peke yangu.

Hajja alimpa Bi Wafaa zamu ya kwanza, na hakuna aliyepinga. Kura za waliobaki alizitoa yeye mwenyewe, mkono wa nguo yake ukiwa umekunjwa hadi kwenye kiwiko. Zamu ya pili ikamwangukia Mzee Ghattas. Baba akawa wa kumi na nne.

"Mimi nataka kubadilisha rafu za duka," Mzee Ghattas alisema akimkabidhi baba karatasi yake. "Rafu zimengoja miaka ishirini. Leta hiyo ya kumi na nne." Na Ustadh Labib, baba alipomweleza yote bila kuficha, alipokea zile elfu tatu kama arubuni akakubali kungoja hadi zamu ya pili.

Hajja alinibakisha nimsaidie kukusanya vikombe. "Sikiliza, Raghda," alisema. "Watu hawa hawachangiani kwa sababu wana pesa. Hawana. Wanachangiana kwa sababu wanaaminiana. Pesa ikipotea tutaitafuta. Uaminifu ukipotea, kila mmoja wetu atarudi kwa yule muuzaji wa mia saba kwa mwezi. Baba yako angesema neno moja la kweli, angepata zamu. Dengu yako haikumsaidia chochote."

Nilirudi nyumbani tena majira ya kuchipua, na gari lilikuwa chini, limeoshwa. Baba alikuwa ameongezeka mwili kidogo, na kamba za viatu vyake nilizikuta zimefungwa mafundo mawili mawili. Siku ya kurudi shuleni nilivaa sare nikashuka na sanduku langu. Bi Wafaa alitoka mlangoni kuniaga. Alinitazama usoni, akatabasamu, kisha macho yake yakashuka, yakasimama kwenye sare yangu.

"Nyoosha mikono."

Nikanyoosha.

"Huu niliushona mimi?"

"Ndiyo, Bi Wafaa."

"Ulipoijaribu sare nilikuuliza, ukaniambia umekaa sawasawa."

"Nilidanganya," nikasema. Baba alikuwa amekwisha washa gari, na ningeweza kuishia hapo. "Na bwenini niliwachekesha wasichana kwa mkono huu. Niliwaambia mshonaji wangu hupima kwa kulala usingizi. Sikujua kuhusu macho yako. Lakini nilisema."

Bi Wafaa alipima mkono wa sare kwa vidole viwili. Kisha akanishika kwenye ule mkono mrefu, akanivuta ndani.

"Mwambie baba yako azime gari," alisema. "Kisha nipe mkasi ule, pale dirishani. Ninauona."