Asiyeitika Jina

Boti ya Révérien ililalia kushoto tangu ilipotoka Karema, na ziwa lilikuwa limetulia tuli. Magunia ya mahindi yalikaa sawa. Sylvanus aliyapanga mwenyewe na shemeji yake, Siméon. Wakayahamishia kulia. Boti ikalalia kushoto vilevile, kama vile mtu mzito amekaa pale, na pale palinuka udongo wa kaburi.

"Shemeji, hatuko peke yetu," Siméon alinong'ona.

Sylvanus akamwambia ashike rozari. Alikuwa amemwapia dada yake Lucia, aliyebaki Karema na mimba, kwamba mumewe huyo atarudi mzima.

Alasiri upepo ukashuka kutoka milima ya Kongo, mvua ikafunga macho. Wakajifunga kamba moja viunoni, naye Révérien, akiwa kwenye usukani, akajiandaa kuita majina. Desturi ya mabaharia wale ilikuwa hiyo: waliamini jini hupanda kwa sura ya mwenzenu ila haliwezi kuitika jina la ubatizo. Asiyeitika, kateni kamba.

Wimbi likaiinua boti, likaiachia, ikabingirika upande hata maji yakaingia, boriti ya turubai ikachomoka ikafagia wote, magunia yakamwangukia Révérien yakamvunja mbavu, na Sylvanus, asiyeona hata mkono wake, akamdaka mtu aliyekuwa anateleza kwenye kamba, akamkumbatia.

"Siméon!" Révérien aliita.

Mtu yule hakuitika. Alikoroma tu, kooni.

"Nipo," sauti ya Siméon ikajibu kutoka majini, kushoto. "Nimeanguka, shemeji. Huyo uliyemshika si mimi."

Sylvanus akamkaza mikononi. "Itika," alimsihi aliye kifuani mwake. "Jina lako tu, ndugu yangu."

Yule akamng'ang'ania shati, akakoroma.

"Kata," Révérien alisema.

Sylvanus akamtaja Mama Maria, akakata kamba, akamsukuma. Radi ikamulika. Taya la Siméon lilikuwa limeng'oka kwa boriti, likining'inia kwa ngozi, na mkono wake, huku wimbi linambeba, ulikuwa unafanya ishara ya msalaba.

Boti ikanyooka.

Sylvanus akapiga magoti kwenye maji na damu, akiomba msamaha kwa maneno yasiyokamilika. Ndipo kutoka ziwani sauti ya shemeji yake ikaanza kuita, taratibu, kwa upole wa mume anayerudi nyumbani.

Ilikuwa inaelekea Karema, na ilikuwa inamwita Lucia.