Mpimaji Aliyejitoa

Mpira mgumu mweupe ulichomoka kwenye mfuko wa magongo wa Kawthar, ukadunda mara mbili kwenye lami ya kituo cha mabasi cha Ruwi, Maskati, ukapenya katikati ya miguu ya abiria. Kijana mmoja mrefu, kanzu yake imenyooshwa kwa pasi, kofia yake imedariziwa kwa uzi wa samawati, akaukanyaga kwa ndara.

"Mguu!" Kawthar alipayuka. "Kosa hilo!"

Papo hapo akaona haya. Yeye ambaye dukani huomba chumvi kwa kunong'ona, leo amempigia kelele mwanamume asiyemjua. Akavuta mtandio wake wa rangi ya zabibu karibu na shavu.

Kijana akacheka. "Kwenye mpira wa magongo, bibie, kipa anaruhusiwa kutumia mguu. Na mimi ni kipa."

"Akiwa ndani ya duara lake," Kawthar alisema polepole. "Hapa ni kituo cha mabasi."

"Basi nipe adhabu. Nikubebee hayo magongo mpaka kwenye teksi."

Aliitwa Yaqdhan, wa Sidab, mwalimu wa makipa katika klabu moja ya mjini. Kawthar alikuwa wa Darsait, amesomea michezo chuoni, na mwaka ule ndio kwanza ameingia kwenye jopo la wapimaji wa wachezaji. Ligi ya kulipwa ya magongo ilikuwa inakaribia kuanza. Vilabu vingechagua vijana kutoka orodha moja tu, na asiyepata alama saba kati ya kumi haingii humo.

Baada ya siku ile simu hazikukatika.

"Habibti, mimi unanipa ngapi?"

"Kwa upishi, mbili. Ule mchuzi wa papa ulioniletea ulikuwa chumvi tupu."

"Na kwa mapenzi?"

"Mpimaji hatoi alama kwa mechi moja."

"Mechi moja! Mie nshamaliza msimu mzima, Kawthar!"

Kawthar alicheka huku uso ameuficha kwenye mto, kana kwamba simu ina macho.

Kisha ikaja zamu ya Aflah, mdogo wake Yaqdhan, kiungo wa miaka kumi na minane. Juu ya fomu paliulizwa kama mpimaji ana uhusiano wa damu au wa ndoa na mchezaji. Kawthar aliandika "hapana", na hakusema uongo. Aflah aligeuza gongo kama mtu anayegeuza chapati, akawapita mabeki wawili, akatoa pasi bila kutazama. Moyoni Kawthar alisema: nane. Halafu akawaza watu watasemaje wakijua. Akaandika sita.

Jioni hiyo, alama zilipobandikwa, Yaqdhan alipiga simu. Hakumwita habibti.

"Sita, Kawthar?"

"Ndivyo nilivyoona."

"Wallahi? Niapie."

Kawthar akaihamishia simu sikio la pili.

"Sikukuomba umpendelee hata siku moja," Yaqdhan alisema, sauti imemshuka. "Lakini umemwonea kwa sababu ni ndugu yangu. Ungekuwa hunijui, leo angekuwa kwenye orodha. Sasa mapenzi yetu yamemfaa nini?"

Simu ikakatika.

Siku nne Kawthar alikunywa chai bila kuisikia ladha. Siku ya tano jopo lilikutana kuifunga orodha. Alivaa abaya yake ya mikono iliyodariziwa, ile ya sikukuu, kwa sababu alitaka kusimama wima. Mwenyekiti, Bwana Khattab, alikuwa tayari ameinua kalamu.

"Nna neno," Kawthar alisema. Wote wakamgeukia, sauti yake hawakuwa wameizoea. "Mchezaji Aflah nilimpunguzia alama mbili. Hakukosea kitu. Nampenda kaka yake, nikaogopa kuambiwa nimependelea. Nilipaswa kujitoa toka mwanzo."

Nasriya, mpimaji mwenzake, alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Kwa hiyo, mwanangu, tumwandikie nane?" Bwana Khattab aliuliza.

"Mimi sina haki ya kusema. Alama zangu zifutwe. Mwingine aitazame video ya mechi."

Nasriya akaitazama, akairudisha nyuma, akaitazama tena. "Nane," alisema. "Na nusu, kama fomu ingekuwa na nusu."

Bwana Khattab akaandika jina la Aflah. Kisha akavua miwani. "Lakini wewe, Kawthar, msimu huu hutapima tena. Kanuni ni kanuni. Msimu ujao rudi, nakuhitaji."

"Ahsante, bwana," alisema, akatoka bila kuinamisha kichwa. Ilimuuma, lakini hakujuta.

Kesho yake adhuhuri simu ikalia.

"Barua ya jopo imefika klabuni," alisema Yaqdhan. "Nikusomee? 'Mpimaji amejitoa kwa kuwa anampenda kaka wa mchezaji.' Na muhuri juu yake, Kawthar! Mwenzangu gani wa Maskati kapendwa kwa muhuri?"

"Yarabi! Wamesoma wangapi?"

"Klabu nzima. Kuna aliyeitia fremu." Akashusha sauti. "Nlikukatia simu vibaya. Nisamehe."

"Ulikuwa na haki."

"Haki si adabu. Nisamehe."

"Nshakusamehe tangu siku ya pili. Nilikuwa nasubiri uombe tu."

Akasikika akicheka, halafu akakohoa kama mtu anayejiandaa kwa hotuba. "Mama naye kaisoma, mara mbili. Anauliza, kwenu Darsait mtu anaingilia njia gani, na mama yako hupendelea halwa ya zafarani au nyeusi. Alhamisi anakuja na makhalati wawili, dada zake. Nimwambie aje, au nimwambie akae?"

Kawthar aliuegemeza mgongo ukutani. Jikoni mama yake alikuwa anatwanga iliki, hana habari.

"Ya zafarani," alisema.

"Basi nijibu na lile la zamani. Mimi unanipa ngapi?"

"Siwezi kukupa kitu, Yaqdhan. Fomu inauliza habari za ndoa, na kwako wewe pia nimejitoa."