Robo Saa ya Mama Kituo

Kila jioni nikirudi shuleni, kazi yangu ilikuwa kuoanisha viatu. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa na kituo cha kulelea watoto sebuleni kwake, na watoto wadogo wana ugomvi na viatu. Kimoja utakikuta chini ya kiti, kingine kimezama kwenye ndoo ya midoli. Nilivikusanya nikavipanga mlangoni viwili viwili, ili mzazi akifika amvishe mwanawe waondoke.

Juu ya mlango huo palikuwa na saa ya ukutani yenye fremu ya buluu. Saa hiyo ilikuwa mbele kwa robo saa, na haikuwa imeharibika. Shangazi aliisogeza mwenyewe ili asije akachelewa kufungua geti asubuhi, maana simu aliiacha chumbani ikichaji. Sisi wa nyumbani tulishazoea. Ukimwuliza dada msaidizi saa ngapi, alikujibu huku akimfuta mtoto makamasi, "Angalia ukutani, halafu utoe robo."

Kituo kilifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Wazazi walilipa bili mwisho wa mwezi. Sasa, wako wazazi, Mungu awasamehe, waliosahau watoto kama mtu anavyosahau mwavuli. Shangazi alikaa na mtoto analia mpaka giza linaingia, kisha mzazi anatokea anatabasamu kana kwamba hakuna lililotokea. Shangazi alichoka. Akatangaza kwamba atakayemchukua mtoto baada ya saa kumi na mbili ataongezewa faini kwenye bili yake. Mimi niliona ni haki kabisa, na hata leo naona ni haki. Ila hakuna aliyeuliza, saa kumi na mbili ya nani?

Miongoni mwa wazazi hao alikuwamo mama yake Kalamu. Kalamu ni rafiki yangu, tunakaa dawati moja. Tulimpa jina hilo kwa sababu kalamu haimtoki sikioni hata akiwa anaruka kamba. Mdogo wake wa kiume, Kibonge, ndiye aliyelelewa kwa Shangazi. Mama yao alikuwa mpiga pasi kwa dobi. Akitoka kazini alikaza mwendo, karibu kukimbia, na kila jioni alifika mlangoni anahema, nguo zake zikinukia sabuni na mvuke.

Jioni moja ya mwisho wa mwezi, Shangazi alimkabidhi bili. Niliona uso wake unabadilika.

"Mama Kituo," alisema kwa upole, maana ndivyo wazazi walivyomwita Shangazi, "hii faini ni ya nini? Mimi sijachelewa."

"Unapitisha muda kila siku, mama. Tazama ukutani."

Alitazama ukutani, kisha akatoa simu yake. Simu ile ilikuwa imefungwa mpira ili kifuniko kisidondoke. "Simu yangu inasema bado," akasema.

"Hiyo simu yako mpaka ifungwe kamba," Shangazi akajibu, "leo ndiyo ishindane na saa yangu?"

Wazazi waliokuwa wakisubiri wakacheka. Mama Kalamu hakucheka. Aliikunja bili mara nyingi mpaka ikawa ndogo, akamvisha Kibonge viatu, akaondoka bila kuaga. Nilidhani Shangazi amesahau tu kutoa robo, na kwamba atakumbuka mwenyewe.

Wengine walipokwisha kuondoka, gari likasimama getini. Alikuwa Injinia, kama tulivyomwita, baba wa binti mmoja anayependa kung'ata wenzake. Aliingia, akatazama ukutani, akatazama saa yake ya mkononi. "Mama Kituo, saa yako inakimbia au yangu inatambaa?"

"Ah, usiijali hiyo, baba," Shangazi akasema, sauti imelainika. "Iko mbele kidogo, tunaijua wenyewe. Wewe hujachelewa."

Nilibaki nimesimama na kiatu kimoja mkononi. Kumbe hakusahau! Alijua vizuri kabisa kutoa robo, ila alimtolea mwenye gari tu.

Geti lilipofungwa nilimfuata jikoni. "Shangazi, saa ni ile ile moja. Mbona Injinia hajachelewa, na mama Kalamu amechelewa?"

Aliacha alichokuwa anafanya. Akachungulia sebuleni kuitazama ile saa, nami nikaona wazi kwamba neno langu limemwingia. Nilingoja aseme atairekebisha bili. Badala yake alisema, "Pilipili, chunga mdomo wako. Saa ya kituo ndiyo saa ya kituo."

"Lakini iko mbele, Shangazi."

"Na chakula unachokula kinatoka wapi? Nenda kaoshe vyombo."

Pilipili ni jina alilonipa yeye mwenyewe, kwa kuwa mimi ni mdogo lakini nawasha. Nikaenda kuosha vyombo. Nilivisugua kwa hasira hata sufuria ikakaribia kuniomba msamaha.

Wiki iliyofuata Kibonge hakuonekana kituoni, na Kalamu hakuonekana darasani. Mwalimu alipouliza habari zake, hakuna aliyejua. Mimi nilikuwa na wasiwasi wangu, na baada ya masomo nikapitia kwao.

Kalamu alinifungulia mlango akiwa amembeba Kibonge mgongoni. Sikioni hakuwa na kitu. Kalamu yake ilikuwa mkononi mwa Kibonge, ambaye alikuwa ameitafuna upande mmoja mpaka ikapasuka.

"Unaumwa?" nikamwuliza.

"Siumwi. Mama ameshindwa ile bili. Amesema nikae na Kibonge kwa muda."

"Muda gani?"

"Mpaka aanze shule."

Kibonge alinicheka, mate yanamtiririka. Ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Mpaka mtoto huyu aanze shule, sisi tungekuwa tumeshamaliza ya msingi, na Kalamu, aliyekuwa akinifundisha sehemu nisizozielewa, angekuwa bado anaosha nepi. Na yote hayo kwa sababu ya robo saa ambayo haikuwepo! Nilitaka kumwambia, lakini niliona aibu. Nilimsaidia kuanika nguo, nikarudi nyumbani natembea kwa vishindo.

"Shangazi," nikasema kabla hata ya kuvua sare, "Kalamu ameacha shule. Anamlea Kibonge."

Shangazi alikuwa anakunja nepi. Mikono ilisita, kisha ikaendelea. "Kila nyumba ina shida zake," akasema, bila kunitazama.

Basi, nikasema moyoni, maneno yamekwisha. Nilikuwa nimemwambia mara ya kwanza, nimemwambia mara ya pili. Usiku ule alipoingia kuoga, nilivuta stuli, nikapanda, nikaishusha saa. Redio ya jirani ilikuwa inataja saa kabla ya taarifa ya habari. Nikairudisha mishale mpaka ikawa sawasawa na redio, nikaitundika tena, nikaenda kuosha vyombo kama mtoto mwema.

Asubuhi yake nilikuwa navaa soksi niliposikia geti linagongwa. Shangazi alikuwa jikoni na kikombe cha chai. Akachungulia saa, akatoa robo kichwani kama kawaida yake. "Hawa watu wana haraka gani leo?" akasema, akapuliza chai yake. "Bado kabisa."

Geti likagongwa tena, safari hii kwa ngumi. Shangazi akatoka, mimi nyuma yake. Nje walikuwa wamejaa wazazi, watoto mikononi, nyuso zimenuna. Injinia alikuwa mbele.

"Mama Kituo, nina kikao kazini," akasema. "Sisi tukichelewa unatutoza. Na wewe ukichelewa, bili tunampa nani?"

Wengine wakaguna kumuunga mkono. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Shangazi alibabaika, akageuka kutazama ndani iliko saa, akanitazama mimi.

"Nani amegusa saa yangu?"

"Ni mimi, Shangazi. Nimeirudisha kwenye saa ya kweli."

"Umeniharibia kazi, mtoto wewe! Saa hii siku zote iko mbele kwa robo. Kila mtu anajua."

Wazazi wakatazamana. Hata yule binti wa Injinia aliacha kung'ata. Kisha muuguzi mmoja, mama ambaye huja na sare yake ya kazini, akauliza polepole, "Kila mtu nani? Mimi sijui. Faini yangu ya mwezi uliopita ulihesabu kwa saa ipi?"

Injinia, ambaye yeye aliambiwa, alianza kuchunguza ncha za viatu vyake. Shangazi akasema kwa sauti ndogo, "Nilihesabu kwa hii hii." Akawageukia wazazi wote. "Sikuwatendea haki. Kila niliyemtoza faini nitaipitia bili yake upya, na nilichozidisha nitakirudisha."

Siku nzima shuleni nilikuwa nafikiria fimbo. Nilipotoka, nilimkuta Shangazi ananingoja langoni. Hakuwa na fimbo. Alinishika mkono tukaenda moja kwa moja mpaka kwa dobi.

Mama Kalamu alikuwa anapiga pasi shati jeupe. Tulimsalimia, akaitikia, lakini pasi haikusimama.

"Mama Kalamu," Shangazi akaanza, "nimekuja kukuomba radhi. Hukuchelewa hata siku moja."

Mama Kalamu alimaliza mkono mmoja wa shati, akamaliza na wa pili. "Najua sikuchelewa," akasema. "Lakini siku ile ulinicheka mbele za watu."

"Ni kweli."

"Basi radhi yako kaniombe mbele za watu."

Nilimtazama Shangazi. Mwanamke huyu hajazoea kuambiwa la kufanya. Akainamisha kichwa, akasema, "Kesho asubuhi mlete Kibonge, na jioni uje kumchukua."

Na kesho yake jioni, wazazi wakiwa wamejaa mlangoni, Shangazi aliomba radhi. Aliomba kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, akairarua ile bili, akampa mama Kalamu mpya isiyo na faini. Mama Kalamu aliisoma yote mpaka chini, bila haraka, kisha akatoa ile simu yake iliyofungwa mpira, akailinganisha na saa ya ukutani mbele ya kila mtu. Zilikuwa sawa. Ndipo alipocheka, na safari hii wote tulicheka naye. Kalamu alikuwa amekuja pia kutoka shuleni, ile kalamu iliyotafunwa imerudi sikioni.

Walipoondoka, Shangazi aliketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni. Nikangoja kusemwa.

"Stuli yangu usiipande tena bila kuniambia," akasema.

"Nilikuambia, Shangazi. Mara mbili."

"Uliniambia, ndiyo. Na hapo ndipo penye aibu yangu." Aliokota kiatu kilichobaki chini ya kiti, akakishika. "Sikiliza, Pilipili. Saa ilipokuwa inamwonea yule mama nami sijafikiria, hilo lilikuwa kosa, na kosa kila mtu hufanya. Lakini uliponiambia, nikajua, nikakutuma kuosha vyombo kwa sababu kosa lenyewe linaniingizia pesa, hapo halikuwa kosa tena. Hapo nilikuwa mwizi. Ukubwani nawe utatoza watu, utapima, utahesabu. Kipimo unachompimia mwenye gari ndicho umpimie mpiga pasi. Na mtu akikuonyesha kwamba kipimo chako kimepotoka, kirekebishe siku hiyo hiyo, hata kama anayekuonyesha ni mtoto."