Kikwembe cha Mugongoni

Bamama wenzangu wa Nundu na Baraka, na ninyi bababa munaolima tomati, musikilize habari ya nyumba moja iliyokuwa na furaha.

Kila magaribi Constance alirudi kutoka shambani, na binti yake Igiraneza, ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili, alimujua kwa hatua tu. Aliacha sahani yake, akakimbia mikono juu. Constance aliinama, akamuweka mugongoni, akamufunga na kikwembe cha maua ya njano. Mutoto alikamata ncha ya kikwembe, akainyonya mupaka usingizi umubebe.

Sasa kikwembe kile kilikuwa kinatoka wapi? Constance alifanya kibarua cha kupulizia tomati dawa ya wadudu. Pompi ya kubeba mugongoni ilikuwa inavuja, na inaumiza mifupa, basi alikunja kikwembe akakiweka katikati ya pompi na mugongo. Mutoto hakumupeleka shambani hata siku moja. Alimuacha kwa bibi yake, akisema dawa ile ni sumu. Muone basi: aliiogopa kule, kisha akaileta nyumbani yeye mwenyewe.

Fanny, jirani muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, alimuambia akicheka, "Mama Igiraneza, unanuka dawa mupaka huku kwangu."

"Na we unanuka ndagala. Mi nakusemaka?"

"Ndagala haiuwaka mutu. Ile kikwembe ufule kwanza, ndiyo ubebe mutoto."

"Nimeanika kwa jua, dada. Dawa ikishakauka, inaisha nguvu."

Ni maneno tunayosema wengi wetu. Hata kichwa kilipomuuma na mikono kutetemeka, Constance alisema ni malaria.

Siku moja pompi ilivuja kupita siku zote. Constance alirudi na kikwembe bado kibichi. Mutoto alilia akinyoosha mikono, naye akamubeba hivyo hivyo, akaanza kusonga ugali. Fanny alipopita kuomba moto, akasimama.

"Constance, mutoto anatoka mate sana."

Yalikuwa yanashuka kwenye shingo ya mama, na yeye alifikiri ni jasho lake. Kichwa cha mutoto kilikuwa kimelegea. Constance akakaza fundo la kikwembe, akashika barabara mbio mupaka kituo cha afya, akimusemesha njia yote, "Vumilia, mama yangu, tunafika."

Muganga Jérémie alimufungua macho. Mboni zilikuwa ndogo kama tundu la sindano.

"Amekunywa nini?"

"Hakuna kitu."

"We unafanyaka kazi gani, mama?"

"Napulizia tomati."

Muganga akainama, akanusa. "Toa hii kikwembe. Toa nguo zote. Mulete maji na sabuni."

"Lakini ni hii nimemubebea," akasema Constance.

"Najua, mama."

Walimuosha, wakamuchoma sindano. Lakini sumu ilikuwa imewatangulia. Igiraneza alikata roho juu ya meza, povu la sabuni lingali nyuma ya masikio.

Kesho yake bamama walileta kikwembe kipya cha kumufunika. Constance alikipokea, akakinusa huku na huku, polepole, kama mutu anayetafuta kitu. Kisha akamuuliza Fanny, "Hii haijafika shambani?"

"Hapana, dada. Inatoka dukani."

Ndipo alipokubali wamufunike.

FUNDISHO

Dawa ya tomati haiishi nguvu kwa kukauka. Inabaki kwenye nguo, kwenye ngozi, kwenye nywele. Nguo ya shambani isibebe mutoto kamwe, na ifuliwe peke yake, mbali na nguo za nyumba. Wenye mashamba, pompi inayovuja musiiweke kwenye mugongo wa mutu. Na mutoto akianza kutoka mate na kulegea, umuvue nguo, umuoshe na sabuni, umukimbize kwa muganga, useme kazi unayofanya bila kuulizwa.

Ukirudi, oga kwanza. Mutoto atalia. Acha alie. Constance angetoa kila kitu amusikie binti yake akilia mulangoni, akimungojea amalize kuoga.