Tangi la Manowari

Yalimkuta rafiki yangu, fundi wa kuchomelea, ndani ya manowari mpya iliyoundwa kupigana karibu na pwani. Desturi ya mafundi ni kuligonga tangi kwa nyundo kabla ya kulifunga, na kusubiri aliye ndani ajibu. Siku ya uzinduzi wakubwa walikuwa wamekwisha kuketi, naye kwa haraka akalifunga bila kugonga. Shemeji yake alikuwamo, na alipotolewa alikuwa maiti. Tume ikaamua kwamba marehemu hakufuata utaratibu wa kutoka.

Juzi rafiki yangu alitumwa manowarini humo kubadilisha taa. Ulikuwa mchana, lakini chini ya sitaha giza lilikuwa totoro na mitambo imezimwa. Ndani ya tangi lile nyundo ikagonga taratibu, ikanyamaza.

"Panya hao, fundi," msimamizi akasema kutoka ngazini. "Meli ya serikali haikosi panya."

"Panya wanashika nyundo, bosi?"

Fundi akalisogelea tangi. Akaegemeza kiganja kwenye chuma.

"Shemeji, ni mimi niliyefunga," akanong'ona. "Wewe hukukosea."

Chuma chote kilikuwa baridi, isipokuwa chini ya kiganja chake, palipokuwa na joto la mkono wa mtu. Akausogeza mkono pembeni. Lile joto likaufuata.