Mpangaji Aliyehamishwa Mapema

Ilianza na bonde kwenye godoro. Retnowati aliinuka baada ya usingizi wa mchana, akakuta upande wa mumewe umebonyea, una joto, na shuka ina unyevu unaonuka udongo uliochimbuliwa.

"Mas, mume wangu, ulikuja kulala hapa?" alimuuliza mumewe, Pramudya, aliporudi jioni.

"Nilale saa ngapi? Tangu asubuhi niko foleni kule kwenye vibali. Wameniambia nirudi Jumatatu."

Jumatatu! Ofisi ile ya jiji la Semarang ilimwahidi kibali cha kujenga ndani ya siku ishirini na nane za kazi, na sasa mwezi wa saba ulikuwa unakatika. Katika kichochoro chote, mtu aliyeziamini siku ishirini na nane alikuwa Pramudya peke yake. Aliziamini mpaka akafanya jambo ambalo hata mlevi wa kule halifanyi. Desturi ni kwamba unaomba ruhusa ya serikali kwanza, ya jini mwenye kiwanja baadaye. Yeye, ili kuokoa muda, aligeuza. Alipika mlima wa wali wa manjano, akaita majirani wakasoma dua, akachoma ubani katikati ya kiwanja alichoachiwa na marehemu baba yake, akamwomba mkaaji wa pale ahame kwa wema: mwezi ujao tunachimba msingi, nawe tutakutengea kona katika kitakachojengwa.

Haraka haraka haina baraka, lakini nani angemwambia? Mkewe alikuwa mjamzito baada ya miaka sita ya kungoja, na Pramudya alitaka mtoto azaliwe chini ya paa lao, si katika chumba hiki cha kupanga.

Baada ya lile bonde zikaja sauti. Saa sita mchana, jua linawaka na jirani anakaanga tofu, Retnowati alisikia koleo likikwangua mchanga, taratibu, kama fundi anayechanganya zege. Akadhani ni majirani. Majirani wakaapa si wao. Jumapili Pramudya alikuwa nyumbani: akalala kifudifudi akatega sikio sakafuni, haitoki huko, akalitega ukutani, haitoki huko, akazunguka chumba kizima huku ile kwaru, kwaru ikimfuata, ikawa karibu zaidi kila alipomkaribia mkewe, mpaka akapiga magoti mbele yake, akaweka sikio juu ya tumbo la miezi minane, na humo ndani, wazi kabisa, mtu alikuwa kazini.

"Unasikia nini?" Retnowati alinong'ona. "Mas, niambie. Unasikia nini?"

Pramudya aliinuka. Alitoka mbio akamwita Mbah Karsinah, bibi anayewakanda wajawazito wa mtaa ule.

Bibi aligusa tumbo mara moja tu, akauondoa mkono.

"Ulimwambia ahame?"

"Kwa adabu, Mbah."

"Basi naye kwa adabu akahama. Miezi saba hana kwake. Ulimwahidi kona katika kinachojengwa, sivyo? Humu ndani, mjukuu wangu, kinachojengwa ni kimoja tu."

Retnowati alilishika tumbo lake kwa mikono miwili akaanza kulia.

"Mrudishe kiwanjani!" alisema Pramudya.

"Harudi mahali panapongoja kuchimbwa. Majini wa mjini wamejifunza kwetu, siku hizi wanataka mhuri. Nenda ukafute ombi lako. Nyumba utaikosa, ila mtoto atakuwa wako."

Pramudya alikililia kiwanja cha baba yake usiku kucha, na hakuona haya. Asubuhi, ofisi inafunguliwa, alikuwa wa kwanza dirishani.

Karani, mama mmoja mwenye miwani aliyeitwa Bu Widaningsih, alifungua faili. "Kufuta nako kuna utaratibu, Pak. Sahihi ya mkuu, halafu mkaguzi aende athibitishe kwamba hujajenga."

"Kwani kuona kitu ambacho hakipo kunahitaji mkaguzi?"

"Usinifanyie mzaha. Mkaguzi yuko semina."

Pramudya akainama mpaka paji la uso likagusa kioo. "Bu, nakuomba. Mke wangu anajifungua wakati wowote."

Yule mama akavua miwani. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti.

"Ulimhamisha kabla ya kibali?"

Pramudya aliitikia kwa kichwa.

"Gusti, Mungu wangu! Wewe ni wa tatu mwaka huu."

"Na wale wawili? Walifutiwa?"

"Walifutiwa."

"Kwa hiyo watoto wao wako salama?"

Bu Widaningsih alichukua muda mrefu kulifunga lile faili.

"Mihuri ilipotoka," alisema, "watoto walikuwa wameshazaliwa."

Halafu akavaa miwani, akaita namba inayofuata.