Kikohozi Kilichonyamaza

Watu wa Manyatta walikuwa wakisema kwamba Wachina wanaojenga barabara hawaugui nimonia, kwa sababu ya unga wa mizizi wanaokunywa. Uvumi huo haukumtoka Awuor kichwani, hata alipokwenda kuteka maji. Nyumbani, mdogo wake Obonyo alikuwa akikohoa mpaka anatapika maziwa.

Mama yake, Debra, alikuwa ameusikia pia. Akaenda soko la Otonglo, akarudi na pakiti nyekundu yenye maandishi ya Kichina.

"Beldina anayeuza anasema hii inamaliza nimonia kabisa," alisema akikoroga. "Kazi yetu ni kumkinga na baridi tu."

Wakamnywesha Obonyo, wakamvika sweta juu ya sweta, wakamfunga blanketi zito. Kulipokucha kikohozi kilikuwa kimenyamaza.

"Si unaona?" Mama alitabasamu. "Ningekaa foleni hospitalini kutwa nzima bure."

Awuor naye alifurahi. Lakini Obonyo alikataa kunyonya, na alihema kama mtu aliyetoka mbio. Awuor akakumbuka maneno ya mwalimu wao, Bwana Wekesa: kifua cha mtoto hakitazamwi juu ya nguo. Akaanza kufungua blanketi.

"Wewe, acha. Unataka baridi imwingie?"

"Nitamfunika tena, Mama. Utanigombeza baadaye."

Akapandisha sweta. Kila Obonyo alipovuta pumzi, ngozi chini ya mbavu ilibonyea ndani. Mama alitazama. Akatoka mbio kumwita jirani mwenye bodaboda.

Hospitalini Obonyo aliwekewa oksijeni, akaanza kudungwa sindano. Kesho yake alishika titi kwa nguvu, Mama akacheka huku machozi yanamtoka.

"Hakuwa amepona, Mama Awuor," alisema Sista Maryanne, muuguzi wa wodi. "Alikuwa amechoka hata kukohoa. Mitishamba ya Wachina au ya kwetu, nimonia haiisubiri. Nani aliona kifua?"

"Ni huyu, nyara, binti yangu," Mama alijibu, wodi nzima ikasikia. "Nilimkemea, na bado akafungua."

Siku hizi jirani akija na habari za unga ule, Mama humwambia hivi:

Usimpe mtoto dawa ya sokoni badala ya kumpeleka hospitali.
Usimfunike mpaka usione kifua chake.
Usidhani kikohozi kikinyamaza, amepona.
Usimnyamazishe mtoto anayekuonyesha hatari.